Skii za Kukulia

Aibu hii nimeikalia muda mrefu, na wala sijui kama ni kubwa kama ninavyoiona mimi au nimeikuza mwenyewe kwa kuifikiria, ila ukweli ni kwamba siku ile niliteremka mlima wa theluji mbele ya umati wa watu, ndani ya jumba la maduka hapa Dubai, nimekalia mkia wa skii za mtoto wa watu, nikakipiga kioo kwa uso, na upande wa pili wa kioo alikuwa amesimama madam wangu na kikombe cha kahawa mkononi. Basi acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa Kevo, ambaye ni rafiki yangu lakini hadithi haipiti mdomoni mwake bila kutiwa chumvi.

Mimi nilikuwa mtu wa stoo. Kampuni yetu inauza vifaa vya michezo, stoo iko Ras Al Khor katikati ya magereji na wauza vipuri vya magari, na kazi yangu ilikuwa kupokea katoni, kuzipanga, na kupakia zile zinazotakiwa dukani. Si kazi mbaya, nisiitukane. Joto tu, hasa miezi ile ambayo hata chuma cha mlango hukishiki bila kitambaa. Lakini muuzaji wa dukani hukaa kwenye kiyoyozi, huvaa shati lenye kola na jina lake kifuani, na akipiga picha ya kutuma nyumbani huonekana mtu. Na hapa niseme jambo ambalo linanihusu mimi peke yangu: nilikuwa nimeshamwambia mke wangu Mwanaisha, aliye Kisauni kwetu Mombasa, kwamba nimepandishwa nimekuwa muuzaji, na yeye akawa ameshawaambia dada zake, mama yake na mtaa mzima, wakati kwa kweli nilichopewa ni siku moja ya majaribio.

Madam Rima, Mlebanoni, ndiye meneja wa duka. Aliniambia asubuhi ile, "Athmani, leo nitakutazama. Ukiweza, unabaki dukani. Ukishindwa unarudi stoo, hakuna ugomvi, khalas, yameisha." Nimtendee haki: maneno hayohayo huwaambia wote, Mfilipino, Mhindi, Mwarabu, hana mpendwa wala mchukiwa.

Nikapelekwa upande wa vifaa vya theluji, chini ya Jun. (Mtauliza theluji ya wapi Dubai. Ipo, wenzangu. Chini kidogo ya duka letu, ndani ya jumba lilelile, kuna ukumbi mkubwa kama uwanja wa mpira ambao ndani wanatengeneza baridi na mlima na theluji, nje watu wanatoka jasho. Na wenye uwezo husafiri msimu wa baridi kwenda kwenye theluji ya Mungu mwenyewe.) Jun ni Mfilipino, mpole, skii anazijua kama mimi ninavyojua katoni. Skii ni zile mbao mbili nyembamba ambazo mtu huzivaa miguuni juu ya buti ngumu akateleza. Alinishikisha moja baada ya nyingine. "Brother," akasema, "mtoto anayeanza, ukiisimamisha skii mbele yake iishie kati ya kifua na kidevu. Kidevu usipite. Halafu tazama kiuno cha skii yenyewe." Kweli, skii ile ilikuwa na kiuno kama nyigu, mbele pana, nyuma pana, katikati nyembamba. "Hicho kiuno ndicho kinachompa kona. Mtoto akilalia upande kidogo, skii inajikunja chini ya uzito wake na kupinda yenyewe. Kwa hiyo iwe laini. Ikiwa ngumu, mtoto mwepesi hawezi kuikunja, itaenda moja kwa moja."

Nikayarudia kama mtoto wa chuoni anayesomeshwa juzuu: fupi, laini, kiuno chembamba. Jun akacheka, akasema nimefaulu. Kwa hiyo asije mtu akasema sikufundishwa. Nilifundishwa, nikaelewa, na ningeulizwa ningejibu.

Saa ya chakula ikafika, Jun akaniuliza kama nitaweza peke yangu, nikasema ndiyo. Alikuwa na haki ya kwenda kula, sina neno naye.

Hajafika mbali, katoni ya buti ikaniponyoka ikaniangukia kwenye vidole vya mguu, nikapiga ukelele, "Uwi, mama yangu!" na nyuma yangu nikasikia kicheko cha mtu mzima.

"Na we mwana wa wapi?"

Nilipogeuka niliona bibi mnene kavaa abaya nzuri, pembeni yake msichana wa miwani na mvulana mdogo aliyeshika mpira wa gofu ambao sijui aliutoa rafu gani. Nikasema, "Mombasa, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi. Leo n'tanunua kitu kwa lugha yangu." Muuzaji mwengine alikuwa anamjia na tabasamu, Bibi akampungia mkono kama anafukuza nzi. "Mie n'naye mtu wangu hapa."

Jina lake Bi Zuwena. Ni katika zile familia za Unguja zilizokaa Dubai tangu zamani, watoto wamezaliwa hapa, wajukuu wamezaliwa hapa, lakini yeye Kiunguja chake hakijapata hata mkwaruzo. Wale walikuwa wajukuu wake, Nasra na Said, na baba yao alikuwa amewaahidi kuwapeleka Jojia kwenye milima ya theluji, ahadi aliyoiahirisha mara nyingi kwa sababu ya kazi, na sasa wiki inayofuata ndiyo safari yenyewe. Bibi alitaka waende na skii zao wenyewe, wasivae vitu vilivyovaliwa na miguu ya watu.

Nikachukua jozi fupi, laini, ya kiuno chembamba, nikaisimamisha mbele ya Said. Ikaishia chini ya kidevu. Barabara kabisa, kama Jun alivyosema.

Hapo ndipo ningeiacha.

Lakini nikamtazama yule mtoto, suruali yake imeshapanda juu ya vifundo vya miguu, wazi kwamba ni mtoto wa kurefuka, na nikaitazama skii inayomtosha, na roho ikanisuta. Nyinyi mnajua kwetu. Kwetu kumnunulia mtoto kitu kinachomtosha leo ni kama kumwambia hutakua. Viatu vya Iddi tulivaa na pamba mbele ya vidole, sweta la shule tukalikunja mikono mara mbili, na mwaka vilipotukaa sawasawa tayari vilikuwa vimechanika, lakini hakuna aliyelalamika. Nikaona nitakuwa nimemdhulumu bibi wa watu. Nikasema, kwa mdomo wangu huu, wala sikuulizwa:

"Bibi, hizi zinamtosha sasa hivi tu. Nikupe za kukulia?"

Uso wa Bi Zuwena ulinawiri. "Ewaa! Hayo ndo maneno! Wengine humu wauza vitu kana kwamba watoto ni masanamu, hawakui. Lete za kukulia, mwanangu."

Sasa aliponiita mwanangu mara ya pili ndiyo nikajiona muuzaji hasa. Nikaleta ndefu. Ile laini nikaibonyeza, ikakunjika, na mkono wangu wenyewe ukanambia hii mbovu, kwa sababu mkono wa mtu aliyekulia kwetu ukibonyeza chaga ya kitanda ikalegea, huinunui. Nikatafuta ngumu. Nikaikanyaga katikati mbele ya Bibi. "Umeona? Haitikisiki."

"Ndo nnayoitaka. Hawa ni wavunjaji hawa."

Nasra akasimama kando ya skii yake, akanyanyua macho mpaka ncha. "Ammo," (watoto wa huku humwita mwanamume yeyote ammo) "hii imenipita."

"Utakua," nikamwambia.

"Safari ni wiki ijayo."

"Utakua, inshallah."

"Kwa wiki moja?"

"We Nasra!" Bibi akamkata. "Mtu mzima akisema, unamjibu hivo? Na mdomo wako nao utakulia wapi?"

Buti nazo nikazipandisha saizi na kuwaongezea soksi nene ndani. Nikapeleka skii kwa fundi wetu, Mnepali, azifunge vishikio vya buti. Akamtazama Said, akazitazama skii, akaniuliza, "Sure?" Nikamjibu, "Sure." Jibu fupi lile, nikilikumbuka leo meno yananiuma.

Hata hapo tungeweza kuachana salama, maana Jun angerudi, angeziona, tungecheka tukabadilisha. Lakini Bi Zuwena si mtu wa kununua kitu bila kukijaribu, na simlaumu, hata khanga mtu huinyoosha kwanza. Akamwendea Madam Rima na Kiarabu chake akamwambia anataka watoto wazijaribu hukohuko chini kwenye theluji, na anataka kijana huyu aende nao, maana huyu ndiye mtu mwenye akili dukani humu.

Madam akanitazama kwa namna ambayo hajapata kunitazama. "Yalla, Athmani, nenda," akasema, halafu kwa sauti ya chini, "vizuri sana. Nitashuka kukuona."

Nikashuka kama bwana harusi, nimebeba skii begani, zinagonga taa za watu.

Mlangoni pale kijana wa zamu aliuliza kwa adabu kama watoto ni mara yao ya kwanza na kama wana mwalimu. Bi Zuwena, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akienda kukaa upande wa kahawa nyuma ya kioo asije akapata baridi ya mifupa, akaninyooshea kidole. "Mwalimu wao huyo."

Mimi nikafungua mdomo. Nilikuwa na jina la duka kifuani, skii begani, na Bibi ananitazama. Mdomo ukasema, "Yes, sir." Yule kijana akaamini beji, na nani asingeamini? Nikapewa koti, suruali ya baridi na buti, nikaingia.

Theluji sikuwahi kuiona. Niliidhani itakuwa kitu cha ajabu sana, kumbe ni barafu ya friza ya bucha, na harufu yake ni hiyohiyo, ila imemwagwa nyingi. Upande mmoja mlima, na chini ya mlima ukuta wa kioo kutoka sakafuni mpaka juu, na nyuma ya kioo watu wamekaa wanakunywa kahawa na kula chipsi wakitutazama kama tunavyotazama samaki. Tukapanda ule mkanda unaokubeba taratibu, tukashuka sehemu ya chini kabisa ya wanaoanza, ambapo mteremko si mkubwa, naapa, hata toroli la stoo lisingekimbia pale.

Nasra aliweka mguu mmoja kwenye skii, ikavuka juu ya nyingine, akakaa chini puu. Akazivua zote mbili kwa utulivu, akazipanga kando. "Mimi nitaangalia kwanza," akasema. Yule mtoto atafika mbali.

Said akasimama. Skii mbele yake zilikuwa ndefu kama ngazi na nyuma vilevile. Nikamshika kofia ya koti. Zikaanza kwenda.

"Pinda!" nikamwambia.

"Vipi?"

"Lalia upande!"

Akalalia, maskini, alijitahidi kabisa, nilimwona. Skii hazikuwa na habari naye. Zilikuwa ngumu, naye mwepesi, zikaendelea kwenda moja kwa moja kama treni, na hapo mbele ya macho yangu nikaelewa kila neno alilonifundisha Jun asubuhi. Nikakimbia nyuma yake nimeng'ang'ania kofia, buti zikateleza, nikarudi chini kwa makalio, na kwa kuwa mbao zile zilikuwa ndefu kiasi kwamba nyuma ya mtoto palibaki nafasi ya mtu mzima, mtu mzima nikakaa.

Tukaenda wawili. Yeye amesimama mbele kama nahodha, mimi nimeketi nyuma nimemkumbatia mapaja, na mbele yetu darasa la watu wanaojifunza wamejipanga mstari mmoja wakimsikiliza mwalimu wao wa kweli. Nilipiga kelele. Nadhani nilisema "Hodi!", sijui kwa nini, ndilo neno lililokuja. Wakaangukiana mmoja juu ya mwenzake kama katoni zilizopangwa vibaya, na katoni za namna hiyo nazijua. Sisi tukapenya, Said akachomoka pembeni kwenye theluji laini, na mimi na skii zake tukaendelea mpaka kioo.

Uso ulifika kwanza. Nilipofumbua macho, pua imelala upande na pumzi yangu imefanya ukungu kwenye kioo, na ukungu ulipopungua polepole nikamwona Madam Rima, kikombe mkononi, hajanywa. Kando yake Kevo, mlinzi wa jengo, kijana wa Nakuru. Nyuma yao bwana mmoja ameacha chipsi zake, ananipiga video. Na Bi Zuwena anagonga kioo kwa pete zake, mdomo unakwenda, sauti haifiki, na nashukuru haikufika.

Nyuma yangu Said alikuwa mzima, anacheka mpaka anakohoa. "Ammo! Tena!"

Niliwaendea wale wanafunzi mmoja mmoja nikawaomba radhi. Mama mmoja Mrusi alinipangusa theluji begani. Mwalimu wao alinisema sana, na alikuwa na haki ya kila neno, na mengine pia angeweza kuongeza.

Nilipotoka nje Bi Zuwena aliwakagua wajukuu zake mkono kwa mkono, jino kwa jino, halafu akanigeukia mimi. "We! Ulinambia za kukulia au za kufia?"

"Nisamehe, Bibi."

Kevo naye akapita karibu, kwa sauti ya kiofisi kabisa, kama anaongea na redio yake: "Buda, hapo umetuangusha Wakenya. Jamaa wa kahawa walidhani ni show, wameuliza next ni saa ngapi."

Tukarudi dukani msafara. Jun alikuwa amerudi. Hakunilaumu hata kwa jicho. Alimsimamisha tu Said kando ya skii, ncha ikapita juu ya kichwa chake. Madam Rima akauliza, si kwa ukali, "Nani alichagua hizi?"

Kabla sijajibu, Bi Zuwena akasema kwa Kiarabu, nami nilielewa, "Mimi niliomba. Nilimwambia anipe kubwa. Kijana hana kosa."

Sijui kama aliamini alichokisema au alinihurumia. Hakunitazama. Madam ndiye aliyenitazama, na niliona, au nilidhani naona, kwamba analitaka jibu lile, kwamba ningenyamaza tu angesema khalas, mteja ndiye mteja, na kesho ningekuja na shati langu la kola. Nilikuwa na muda wa kutosha kunyamaza. Nilianza vizuri kabisa kunyamaza.

Halafu nikasema, "Hapana, madam. Mimi ndiye niliyemwambia. Yeye alikubali tu. Na Jun alikuwa amenifundisha sawasawa."

Mpaka leo najiuliza kama ule ulikuwa uaminifu au ni pua iliyokuwa inaniuma nikataka mambo yaishe. Bi Zuwena aliguna. "Mwanangu," akasema kwa Kiswahili, "mtu akikufungulia mlango, ndo unakwenda kuufunga kwa ndani?"

Jun aliwaletea fupi, laini, zinazoishia chini ya kidevu, na buti zinazowashika miguu, wakarudi chini na mwalimu wa hukohuko. Mimi nilitumwa kupeleka glavu walizosahau, kwa hiyo niliwaona kupitia kioo kilekile, ambacho bado kilikuwa na alama ya mafuta ya uso wangu. Nasra alishuka taratibu, miwani imejaa chembe za barafu, akalalia upande kidogo tu, na skii ikajikunja ikamzungusha, halafu akalalia upande wa pili, ikamzungusha tena. Mistari miwili ikabaki nyuma yake kwenye theluji, imepinda vizuri. Ilinipendeza, sitaficha.

Jioni Madam Rima aliniita. "Athmani, umeniambia ukweli mbele ya mteja."

"Ndiyo, madam."

"Hilo ni jambo zuri kwa stoo. Stoo hakuna wateja." Akanipa mkono, na kesho yake nikaamkia Ras Al Khor.

Nikampigia Mwanaisha kabla video haijamfikia, maana mambo ya WhatsApp mnayajua. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi. Alicheka mpaka nikaisikia simu inaanguka, akaiokota.

"Sasa watu mimi nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli."

"Baba Fatma, ukweli ndio huo uliokurudisha stoo."

Ila kiapo nilikula, na nakishika: siku nikirudishwa dukani, mtoto wa mtu nitampa kinachomtosha leo, kiishie pale kinapotakiwa kuishia, na akikua kesho, atakuja na urefu wake mwenyewe, Jun yupo, atampimia.